Kuchelewa Kupata Mtoto na Wajibu wa Mume

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, leo tunazungumza juu ya jambo linalovunja ndoa kimya kimya katika nyumba zetu za Kariakoo, Gerezani na Ilala. Kijana huoa, mwaka hupita, na wa pili hupita, bila ya mkewe kushika mimba. Hapo mawifi huanza kunong'ona, na mke huitwa tasa kabla hajapimwa na yeyote. Mmoja husema ana jini. Mwingine humtembeza maduka ya dawa za miti, hata akiba ya nyumba ikamalizika. Sisi hatukanushi kuwepo kwa majini. Lakini kumsingizia jini kila ugonjwa si elimu wala si dini.

Yako maradhi ya homoni yanayowapata wanawake wengi. Madaktari Stein na Leventhal wa Chicago waliyaeleza mwaka 1935, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa huwapata 10 hadi 13 katika kila wanawake 100 wenye umri wa kuzaa. Hedhi huchelewa, pengine miezi kadhaa. Chunusi huzidi na ndevu huota kidevuni. Wengi hunenepa, ingawa wembamba nao hupatwa. Yai halikomai na kutoka kila mwezi kama ilivyo ada. Vile vifuko vidogo vinavyoonekana kwenye ovari kwa kipimo cha ultrasaundi si uvimbe wa kutisha, bali huwa na mayai yaliyosita kabla ya kukomaa. Basi huyu si tasa. Ni mgonjwa mwenye dawa. Mnene wa kilo 80 akipunguza hata kilo 4, huenda hedhi ikarejea katika mpango wake. Ziko pia dawa za kukomaza yai, nazo hutumiwa kwa amri ya daktari, si kwa kununuliwa kiholela.

Mtume wetu (S.A.W.) ametuamuru tujitibu, akatufahamisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Kwa hiyo kwenda hospitali hakupunguzi tawakkul. Muhimbili ipo Upanga, si mbali na Kariakoo. Na Amana, Temeke na Mwananyamala wako madaktari wa wanawake. Miezi 12 ikipita bila mimba, nendeni. Na hedhi ikiwa haina mpango, msingoje muda huo.

Nasi tumesema nendeni, hatukusema mpelekeni. Katika Surat Ash-Shuuraa Mwenyezi Mungu anatueleza kwamba Yeye humpa amtakaye wana wa kike, amtakaye wa kiume, na humfanya tasa amtakaye. Hakutaja mke peke yake. Mara nyingi kasoro huwa kwa mume, na kipimo chake ni chepesi kuliko cha mke. Mume anayekataa kupimwa, kisha akamtaliki mkewe kwa kosa la kutozaa, amehukumu bila ushahidi.

Tumtazame Nabii Zakariya (A.S.): alizeeka na mkewe ni tasa, naye akamlilia Mola wake, hakumlaumu mkewe. Na Mama wa Waumini Bibi Aisha (R.A.) hakujaaliwa mtoto, lakini mapenzi ya Mtume kwake hayakupungua, hata akafariki nyumbani mwake, ameegemea kifua chake. Ni nani kati yetu atakayesema kuwa mwanamke huyo alikuwa pungufu?

Sheria imemruhusu mume kuoa mke wa pili kwa uadilifu. Haikumruhusu kumdhalilisha wa kwanza. Enyi akina mama wakwe, zuieni ndimi zenu. Enyi waume, leo mrudipo majumbani, waambieni wake zenu: tutakwenda pamoja.

Ewe Mola wetu, waruzuku wasio na watoto kizazi chema, na uwape subira wale uliowachagulia lisilokuwa hilo. Amin.