Kuvuka Maji kwa Kiingereza

Leo twataka kuzungumza nanyi habari ya kuvuka mto, lakini tutauvuka kwa maneno. Sisi katika Kiswahili tuna neno moja kubwa, nalo ni kuvuka. Mtu akipita majini kwa miguu, amevuka, akiogelea, amevuka, akipakiwa chomboni au akipita darajani, vile vile amevuka. Na mahali pa kuvukia twapaita kivuko, ikiwa maji yafika kifundo cha mguu, au ikiwa ni vilindi vya kuzamisha mlingoti.

Waingereza wamegawanya kazi hii kwa maneno mengi, na kila neno lina mpaka wake. Basi mwanafunzi afunguaye kitabu chao, au msafiri asomaye ubao uliosimamishwa ukingoni mwa mto, hana budi kuijua mipaka hiyo. Kosa katika jambo hili si la mtihani tu. Laweza kumpotezea mtu roho yake.

Neno la kwanza ni “ford”, yaani f-o-r-d. Maana yake ni mahali penye maji haba, ambapo mtu, mnyama au gari huweza kupita huku chini pakikanyagika. Hapana chombo wala daraja. Kinachokuchukua ni sakafu ya mto wenyewe. Zamani, madaraja yalipokuwa machache, mahali pa namna hiyo palikuwa na thamani kubwa. Njia zilikutana hapo, watu wakajenga nyumba, na mji ukaitwa kwa jina la kivuko chake. Oxford, mji wa chuo kikuu mashuhuri, maana yake ni kivuko cha ng'ombe. Bradford ni kivuko kipana. Stratford-upon-Avon, mahali alipozaliwa Shakespeare mwaka 1564, ni kivuko cha barabara iliyojengwa na Warumi.

Neno hili ni kitendo pia. Ukisoma kwamba askari “forded the river”, usifasiri kwamba walivushwa kwa mashua. Walishuka majini, wakapita kwa miguu yao au juu ya farasi wao.

Jirani yake ni “wade”. Hili ni kwenda kwa miguu ndani ya maji, ukiyasukuma kwa miguu. Tofauti yake ni kwamba mwenye “ford” lazima afike ng'ambo, lakini mwenye “wade” huenda asivuke cho chote. Mvuvi aingiaye maji ya magotini kutandaza wavu wake, kisha akarudi ufuoni pale pale, amefanya “wade”, wala hakuvuka. Akitaka kusema kwamba amevuka, Mwingereza huongeza neno dogo, “across”.

Hapa tusimame kidogo, maana neno hilo dogo ndilo linalowasumbua wanafunzi wengi. Sisi twasema, “Tulivuka mto kwa kuogelea.” Kuvuka ndicho kitendo, na namna ya kuvuka hufuata nyuma. Mwingereza hugeuza mpango huo. Namna huitia katika kitendo, na kuvuka hukutia katika “across”. Husema, “We swam across the river.” Akipiga makasia, “We rowed across.” Akisafiri kwa tanga, “We sailed across.” Mwanafunzi aandikaye “We crossed the river by swimming” hakukosa sarufi, lakini msomaji atajua mara moja kwamba amefikiri kwa Kiswahili. Tena akiliacha neno “across” na kuandika “We swam in the river”, habari yenyewe imegeuka: wameoga na kucheza, wala hawakufika ng'ambo.

Neno la tatu ni “ferry”. Hapa maji ni mengi, na mtu hachukuliwi tena na miguu yake bali na chombo. Likiwa jina, ni chombo chenyewe, au mahali kiegeshwapo. Likiwa kitendo, ni kuvusha. Kiswahili kina ufundi wake katika jambo hili, kwa kuwa twatofautisha kuvuka na kuvusha kwa sauti moja tu. Abiria huvuka, nahodha huvusha. Naye Mwingereza hana budi kutafuta neno jingine kabisa.

Wenye elimu ya lugha wanatuambia kwamba “ford” na “ferry” ni ndugu, na ndugu yao wa tatu ni “fare”, ambalo zamani lilikuwa na maana ya kusafiri. Siku hizi “fare” ni nauli. Na mkisikia Waingereza wakiagana kwa “farewell”, jueni kwamba maana yake ya asili ni “safiri vema”.

Nasi tumelipokea neno hilo nyumbani kwetu. Watu wa Mombasa wavukao Likoni husema feri. Na Tanzania wengi husema pantoni, nalo limetoka katika Kiingereza, ambacho kililipata kutoka Kifaransa, na shina lake ni neno la Kilatini la daraja.

Neno la nne ndilo hilo la daraja, “bridge”. Mji wa Cambridge una kisa cha kuchekesha. Mtu hudhani kwamba umeitwa hivyo kwa sababu una daraja juu ya mto Cam. Kumbe sivyo. Mto uliitwa Granta, na mji ukaitwa kwa jina la daraja la Granta. Miaka ilipopita, vinywa vya watu vililigeuza jina la mji, likawa Cambridge. Kisha watu wakauita mto Cam, ili ulingane na mji. Hivyo jina la mji ndilo lililozaa jina la mto.

Kisa hicho chatuonya kwamba jina la mahali ni ukumbusho, si habari ya leo. Huko Scotland pana mji uitwao Queensferry, yaani feri ya malkia. Yasemekana kwamba Malkia Margaret, aliyekufa mwaka 1093, aliweka hapo vyombo vya kuwavusha mahujaji. Reli ilipata daraja lake mwaka 1890. Na lilipofunguliwa daraja la magari mwaka 1964, feri ikakoma. Mwaka 2017 likafunguliwa daraja jingine, likaitwa Queensferry Crossing. Jina lina feri na kuvuka ndani yake, na kumbe kitu chenyewe ni daraja!

Lakini ubao wa barabarani si ukumbusho. Uingereza dereva akiona ubao ulioandikwa “Ford”, aambiwa kwamba mbele yake barabara yaingia majini, wala hapana daraja. Mahali pengine husimamishwa kigingi chenye alama za futi, ili aone kina kabla ya kuingia. Na akiisha kupita, hukuta ubao mwingine umwambiao ajaribu breki zake, kwa kuwa zimelowa.

Katika nchi zetu neno litumiwalo katika Kiingereza cha barabara ni “drift”, lililotoka kwa Makaburu wa Afrika ya Kusini. Ni sakafu ya saruji iliyojengwa katika kijito. Wakati wa kiangazi huwa kavu, na mgeni aweza kuidhania barabara tu. Mvua ikinyesha milimani, maji hushuka kwa ghafula na kupita juu yake, hata kama hapo ulipo jua lawaka. Asiyelijua neno hupita kama apitaye darajani. Na maji yaendayo kasi, yakifika kina cha futi moja tu, yaani kama sentimeta 30, yaweza kuinua gari dogo na kulichukua. Mtu kwa miguu huangushwa na maji machache kuliko hayo.

Basi, wasikilizaji, mkikutana na neno la Kiingereza la kuvuka, jiulizeni swali moja: Ni nini kinachomchukua mtu? Ikiwa ni sakafu ya mto, ni “ford” au “drift”. Ikiwa ni miguu yake ikisukuma maji, ni “wade”. Ikiwa ni chombo, ni “ferry”. Ikiwa ni kitu kilichojengwa juu ya maji, ni “bridge”. Na ikiwa hamkuambiwa, hapo ndipo mahali pa “cross”, neno la wote, linalofanana na kuvuka kwetu.

Wazee walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Nasi twaongeza kwamba ubao usioelewa hujui umeonya nini. Usomeni vema, kisha utazameni na mto wenyewe. Na maji yakiwa yameshuka kwa nguvu, ngojeni yapungue.

Kwaherini, na safirini vema.