TUWE NA WATU WETU WA KUISOMA MIKATABA YA NISHATI

Maandishi ya mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi wa umma na wananchi, juu ya mafunzo ya sheria na sera za nishati







Awali ya yote natoa shukurani kwa kupewa nafasi hii ya kusema machache kabla hamjajaza fomu zenu za maombi ya mafunzo. Mimi si mwanasheria, wala si fundi wa umeme. Kazi yangu ni habari, yaani kuyachukua maneno ya Serikali na kuyafikisha kwa wananchi kwa lugha wanayoifahamu. Lakini kazi hiyo hiyo ndiyo iliyonifunza kwamba mtu hawezi kumfahamisha mwenziwe jambo ambalo yeye mwenyewe hajalifahamu.

Wengi wenu mnakumbuka giza lililoikumba Unguja kuanzia Disemba 2009. Njia ya umeme ya chini ya bahari, iliyokuwa ikituhudumia tangu 1980, ilipata hitilafu, na umeme haukurejea mpaka Machi 2010. Kabla ya hapo, mwaka 2008, tulikwishakaa takriban mwezi mmoja katika hali kama hiyo. Pampu za maji zilisimama, akina mama wakapanga foleni visimani, na waliokuwa na uwezo wakaungurumisha jenereta usiku kucha.

Siku moja katika miezi ile, baada ya sala ya alasiri, mzee mmoja wa mtaani kwetu aliniita barazani. Akaniambia: "Mwanangu, wewe unafanya kazi Serikalini. Umeme huu hatupewi sadaka, tunauziwa. Sasa umepotea. Mkataba unasemaje? Hasara hii ya nani?" Nikamjibu kwamba mafundi wanafanya kazi usiku na mchana. Akatabasamu, akasema: "Hilo nimelisikia redioni. Mimi nimekuuliza mkataba."

Ndugu watumishi, sikuwa na jibu. Na lililonitia haya zaidi ni kwamba sikujua hata pa kuanzia kulitafuta.

Tangu siku hizo, kazi kubwa imefanyika kwa upande wa nyaya. Mwaka 2010 Pemba iliunganishwa na Tanga kwa waya wa baharini, kwa msaada wa Norway, na ikaacha kutegemea majenereta ya Wesha. Mwaka 2013 Unguja ilipata waya mpya wenye uwezo wa megawati 100, kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, kwa msaada wa Marekani. Haya ni mambo ya kujivunia. Lakini umeme haupiti katika shaba peke yake. Unapita pia katika karatasi: sheria, leseni, kanuni za bei na mikataba. Shaba ikikatika, kila mtu hujua dakika ile ile. Karatasi ikiwa na kasoro, yaweza kupita miaka kumi kabla hatujatambua, na wakati huo tumekwisha kulipa.

Natoa mfano ulio wazi kwa umma. Mwaka 1995 TANESCO ilitiliana saini na kampuni ya IPTL mkataba wa miaka 20 wa kununua umeme wa mtambo wa megawati 100 uliojengwa Tegeta, Dar es Salaam. Katika mikataba ya aina hii mnunuzi hulipa mambo mawili. Analipia umeme anaoutumia, na analipia uwezo wa mtambo, yaani ule utayari wake wa kuzalisha, hata siku ambayo haukuwashwa. Malipo hayo hutegemea gharama za ujenzi. Mgogoro ulipozuka, suala moja kubwa lilikuwa aina ya injini: ilidaiwa kwamba zimefungwa injini za mwendo wa wastani badala ya zile za mwendo wa taratibu zilizokubaliwa. Shauri lilipelekwa mwaka 1998 kwenye kituo cha kimataifa cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji, na uamuzi wa mwaka 2001 ulizipunguza gharama zilizokuwa zikidaiwa.

Tuzingatie funzo lililomo humo. Mwanasheria peke yake asingeijua tofauti ya injini. Mhandisi peke yake asingekijua kifungu kinachompa haki ya kulalamika. Mhasibu peke yake angejumlisha tu tarakimu alizoletewa. Ndiyo maana mafunzo ya sheria na sera za nishati si ya wanasheria pekee. Ni ya wote hao, wakae darasa moja na waifahamu lugha moja.

Fani hii si ngeni duniani. University of Dundee, huko Uskochi, ilianzisha kituo cha sheria na sera za mafuta na madini tangu mwaka 1977. Norway iligundua mafuta mengi baharini mwaka 1969, na mwaka 1972 ikatenganisha kazi tatu: sera ikabaki wizarani, usimamizi ukapewa idara maalumu, na biashara ikapewa shirika la taifa. Nchi ile haikungoja fedha za mafuta ndipo ifunze watu wake. Ilitangulia kuwafunza.

Nasi tumo katika njia hiyo. Sheria Namba 7 ya mwaka 2013 iliunda Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati, ZURA, ambayo bei zake za mafuta mnazisikia zikitangazwa kila mwezi. Sheria ya mafuta na gesi asilia ya mwaka 2016 iliweka mdhibiti mbali na shirika la biashara. Oktoba 2018 ukatiwa saini mkataba wa mgawanyo wa uzalishaji na kampuni ya RAK Gas kwa kitalu cha Pemba na Zanzibar. Kila chombo nilichokitaja kinahitaji watu wanaoweza kukaa meza moja na mawakili wa kampuni za nje, wakauliza kwa utulivu: gharama hii imehesabiwaje? Likitokea lisilozuilika, hasara ni ya nani? Tukikhitilafiana, tutashitakiana wapi, na kwa sheria ya nchi gani?

Kwa hiyo, nina maombi matatu.

Kwanza, Wakuu wa Idara wawapeleke mafunzoni wale watakaoishughulikia kazi yenyewe. Nafasi ya masomo isigeuzwe kuwa zawadi ya anayekaribia kustaafu, wala posho ya safari.

Pili, atakayerudi na cheti arudi pia na somo. Awafunze wenzake ofisini, na aache maandishi katika faili, ili siku akihamishwa elimu isihame naye.

Tatu, na hili linanihusu mimi, tuyatafutie maneno haya Kiswahili chake. Mwananchi anayenunua umeme wa TUKUZA ana haki ya kujua bei ile imejengwa na nini. Sheria iliyofungwa katika lugha ya wachache huwalinda wachache.

Ndugu wananchi nanyi msichoke kuuliza. Suala la yule mzee halikuwa la utovu wa adabu. Lilikuwa suala sahihi kuliko yote niliyoulizwa katika miezi ile, na aliyestahili kulaumiwa ni mimi niliyelijibu kwa habari za mafundi.

Yeye amekwisha tangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Deni langu kwake limebaki. Nataraji baadhi yenu, mtakapomaliza mafunzo haya, mtanisaidia kuwalipa wajukuu zake, nao wanapouliza "mkataba unasemaje?", wapate Serikalini mtu wa kuwafungulia ukurasa na kuwasomea.