MTUNGI WA GESI NI WA JIRANI PIA
(Hotuba ya walimu wa kambi, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni)



Tulipotoka Kongo, wengi wetu tulizoea kuni na makala. Hapa Rwanda gesi imetupunguzia moshi machoni na ugomvi na wenyeji kwa ajili ya miti. Tunashukuru. Lakini moto wa kuni tunauona, gesi hatuioni.

Gesi hii ni propani na butani, iliyoshindiliwa mpaka ikawa maji. Lita 1 ya maji hayo ikitoka hugeuka kuwa lita zipatazo 250 za gesi. Nayo ni nzito kuliko hewa. Haipandi kama moshi: inashuka, inatambaa sakafuni, inatafuta shimo, mfereji na uvungu wa kitanda. Ikifikia sehemu 2 tu katika 100 za hewa, cheche moja yatosha. Harufu mbaya tunayoisikia imetiwa makusudi ili tuonywe, kwani gesi yenyewe hainuki.

Kanuni zinatoka hapo:

1. Mtungi usimame wima, penye hewa, mbali na mbabula na mfereji. Ukilazwa, maji ya gesi huingia mpirani na moto huruka.
2. Gesi ikikaribia kwisha, tusiupashe mtungi moto, wala tusihamishe gesi toka mtungi hadi mtungi.
3. Mtungi mtupu hutunzwa kama uliojaa, kwa maana gesi kidogo hubaki ndani. Ufungwe.
4. Kupima kama unavuja, tumia povu la sabuni, kamwe si kiberiti.
5. Ukisikia harufu, funga mtungi, fungua mlango, toa watoto nje, waonye majirani. Usiwashe wala kuzima taa.

Tunajua swali lenu: "Mwalimu, nikiuacha penye hewa, mwizi je?" Ni swali la haki. Familia inayoibiwa mtungi hailali njaa siku moja tu. Ndiyo sababu wengi wanauficha uvunguni, mahali pale pale gesi inapojikusanya, na watoto wamelala juu yake. Nyumba zetu zimeshikana, na shitingi haichagui mwenye kosa. Mtungi wa mmoja ukilipuka, safu nzima inaungua.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwa mashirika: kila kartie ipewe kizimba cha wavu wa chuma chenye paa na kufuli, penye hewa, mbali na nyumba, pamoja na mchanga na kizima moto. Kanuni isiyo na mahali pa kuitii ni maandishi ya ukutani tu. Kwa sisi wenyewe: kartie ichague watunza ufunguo wawili, mwanamke na mwanamume, na zamu ya kulinda usiku. Wenye kulimbikiza mitungi nyumbani ili kuuza tunawasihi waache. Sheria ya Rwanda inamtaka muuza gesi awe na leseni ya RURA, na chumba cha kulala si ghala.

Sisi walimu tutawafundisha watoto kanuni hizi tano darasani. Wakirudi nyumbani wakauliza mtungi uko wapi, wazazi, msiwakemee. Waonyesheni.