Fundi Hodari Akipewa Uongozi



Wiki hii tuzungumze juu ya kazi ambayo vijana wengi mjini sasa wanaitafuta: kuandika programu za kompyuta, hasa ule upande wa mbele wa tovuti, yaani vitufe, fomu na maandishi ambayo mtu huyaona na kuyagusa kwenye simu yake.

Kijana akishaifanya kazi hiyo miaka minne, mitano, huitwa ofisini akaambiwa: kuanzia leo wewe ndiwe kiongozi wa mafundi wenzako. Soda zinanunuliwa, mshahara unapanda. Na hapo ndipo matatizo yanapoanza.

Nilipata kuliona jambo hili katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Kijana aliyepandishwa cheo alikuwa fundi wa kusifika. Lakini kila alipoona kasoro katika kazi ya mwenzake, aliifuta usiku akaiandika upya mwenyewe. Asubuhi mwenzake anakuta kazi imekwisha, wala haambiwi alikosea wapi. Mwishowe wote wakaacha kujitahidi, wakawa wanamngojea yeye. Siku alipolazwa kwa malaria, ukurasa wa malipo ukaharibika, na wateja wakakaa siku mbili bila kuweza kulipa. Mafundi watano walikuwapo ofisini, na hakuna aliyejua pa kuanzia.

Je, tumlaumu kijana peke yake? Nasema hapana. Alifanya kile kile alichosifiwa miaka yote. Waliompandisha hawakumwambia kwamba kazi imebadilika. Jana alipimwa kwa kazi ya mikono yake. Leo anapimwa kwa kile wanachoweza wenzake yeye asipokuwapo.

Chukueni mfano wa Mmarekani John Resig. Mwaka 2006, akiwa bado kijana, alitoa chombo kiitwacho jQuery. Wakati huo programu za kufungulia tovuti hazikuelewana: ukurasa uliokwenda vizuri katika Firefox uliweza kugoma katika Internet Explorer. Resig angeweza kuuficha ujuzi wake kichwani, akawa fundi wa kubembelezwa. Badala yake aliutia katika chombo ambacho yeyote alikichukua bure, pamoja na maelezo ya kukitumia. Wengine wakajiunga naye kukitengeneza. Mwaka 2011 yeye akaenda kufanya kazi Khan Academy, shirika la elimu, lakini jQuery haikufa. Wengine wameendelea kuitunza, na hadi leo imo katika tovuti nyingi mno duniani.

Basi kiongozi afanye nini? Akiona kosa, asilifute kimyakimya. Amwite mwenye kazi, wakae pamoja, amwulize kwa nini alifanya vile. Kazi ya dakika kumi itachukua saa nzima, lakini kosa lile halitarudi. Kila uamuzi mkubwa auandike pamoja na sababu yake. Na awe na moyo wa kuwaambia wakubwa hapana, pale wanapotaka ukurasa ujazwe mapicha mazito yatakayommalizia bando mama muuza samaki mwenye simu ya bei nafuu.

Nanyi wakubwa wa maofisi, wapo mafundi wasiotaka kuongoza mtu. Walipeni vizuri, muwaache na ufundi wao. Ukimlazimisha mtu wa namna hiyo, umepoteza fundi mzuri na kupata kiongozi mbaya kwa siku moja.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kijana, ukitaka kujua kama kweli umekuwa kiongozi, chukua likizo ya wiki mbili, uzime simu. Ukirudi ukakuta kazi imekwenda bila wewe, usinune. Hiyo ndiyo kazi uliyopandishiwa cheo.

Kwaherini, hadi wiki ijayo.