Tuchangie Lami, Tuchangie na Mtaro
Neno la Kamati ya Fedha kuhusu njia ya zahanati



Kamati ya Fedha imepewa nafasi ya kueleza mradi wa mwaka huu, yaani kuweka lami kwenye njia ya kuingia zahanati yetu, kutoka barabara ya kijiji hadi mlangoni. Ni mita 300 tu, na kila mmoja wetu anazijua. Kiangazi ni vumbi. Masika ni utelezi mtupu: gari la wagonjwa linaishia chini barabarani, na mama mwenye uchungu anapandishwa kwa miguu au kwa machela. Ndiyo maana mkutano mkuu uliupa mradi huu nafasi ya kwanza.

Katika vikao vya matawi tumeulizwa swali moja mara nyingi: kwa nini bajeti ina mitaro na makalvati yanayokula fedha nyingi hivyo? Kwa nini tusipunguze mitaro ili lami ifike mlangoni mwaka huu huu? Swali ni la haki, kwa sababu anayechanga ana haki ya kujua. Jibu letu ni kwamba kwenye mlima wetu lami isiyo na mtaro ni fedha iliyowekwa njiani ili isombwe na maji.

Tuanze na hesabu. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba, inaleta lita 1 ya maji. Njia yetu ina urefu wa mita 300 na upana wa mita 3.5, sawa na mita za mraba 1,050. Mvua ya milimita 20, ambayo kwa masika yetu ya Machi hadi Mei si jambo la ajabu, itamwaga juu yake lita 21,000. Hayo ni matenki 21 ya lita 1,000, bila kuhesabu maji yanayoshuka kutoka kwenye mabati na vihamba vya juu. Leo sehemu ya maji hayo inanywewa na udongo. Tukishaweka lami, hakuna tone litakalonywewa. Yote yatashuka, tena kwa kasi. Kama hatukuyatengenezea njia, yatachagua yenyewe, na yatachagua ukingo wa lami au kihamba cha jirani.

Lami yenyewe ni ngozi tu. Kinachobeba gari ni tabaka za chini: udongo ulioshindiliwa, moramu, kisha kokoto. Udongo wetu mwekundu wa volkano ukiwa mkavu ni mgumu, ukilowa unalainika. Maji yakipenya kwenye ufa au yakila ukingo, tabaka za chini zinalegea, gurudumu la Fuso lililobeba ndizi linakandamiza, lami inabonyea na kupasuka, na shimo linaanza. Kwa hiyo mtaro ni sehemu ya barabara, kama paa lilivyo sehemu ya nyumba.

Jambo la pili ni unene. Kipande cha mita 50 chenye mwinuko mkali tumeshauriwa kiwe cha zege, kwa sababu pale magari yanafunga breki na kukaza gia, na lami laini inasukumwa na kujikunja. Mita 250 zilizobaki ni za lami ya moto, unene wa sentimita 5 baada ya kushindiliwa. Hiyo ni takriban meta za ujazo 44. Kila moja ina uzito wa karibu tani 2.4, hivyo tunahitaji kama tani 105, yaani safari 11 za lori la tani 10. Wapo waliopendekeza sentimita 3. Ni kweli tungeokoa tani 42. Lakini lami ya moto hutoka mtamboni ikiwa na joto la nyuzi 140 au zaidi, na inapaswa kushindiliwa kabla haijapoa. Tabaka jembamba linapoa haraka, na kwetu juu, penye ukungu na upepo wa baridi, linapoa haraka zaidi. Ikishapoa, roli inapita juu yake bila kuishindilia. Inabaki na vinyweleo, na masika ya kwanza yanaingia humo.

Hilo linatuleta kwenye jambo la tatu, ambalo tunaomba tulipokee kwa moyo mkubwa. Wengi wetu tungependa kazi ifanyike Desemba, tukiwa nyumbani kwa Krismasi, tuione kwa macho yetu. Vuli inaweza kutuharibia. Juni na Julai ni miezi ya baridi na ukungu. Miezi inayofaa ni Januari na Februari, au Agosti na Septemba, wakati ardhi ni kavu na jua linatoka mapema. Tunapendekeza mitaro na tabaka za chini zikamilike Septemba, kisha lami iwekwe Januari. Lori lifunikwe turubai kutoka mtamboni, na siku yenye mvua kazi isimame, hata kama mkandarasi ana haraka.

Sasa tuzungumze kama watu wa nyumba moja. Ndugu wengi mmejenga nyumba nzuri nyumbani, na baadhi mmeweka lami au zege kutoka barabarani hadi barazani. Ni maendeleo, tunawapongeza. Lakini njia ya mita 40 kwa mita 3 ni mita za mraba 120, na mvua ileile ya milimita 20 inashusha hapo lita 2,400. Zinakwenda wapi? Zikiteremka hadi njia ya zahanati, zitaibomoa. Zikiingia kwa jirani, zitachukua mbolea na udongo wa migomba yake. Tunaomba kila mwenye njia ya namna hiyo aweke mfereji wa kukinga maji mwishoni, kabla hayajatoka kwake, na ayapeleke kwenye mfongo au shimo la mawe, kwa kukubaliana na jirani. Barabara ya kijiji iko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017. Pale tunapoungana na barabara yao hatutagusa bila kibali, na hatutamwaga maji yetu juu yake.

Wazee wetu hawahitaji kufundishwa haya. Waliochimba mifongo walijua kuyaongoza maji kwenye kingo za mlima, na walijua pia kwamba mfongo usiosafishwa ni mfongo uliokufa. Kila ukoo ulikuwa na siku yake ya kazi. Lami inataka nidhamu hiyohiyo, na kalenda yake si ngumu.

Februari, kabla ya masika, na Septemba, kabla ya vuli, tusafishe mitaro na makalvati kwa msaragambo. Majani ya migomba na matawi ya grevilea yanatosha kuziba kalvati kwa usiku mmoja. Kila Januari tukague nyufa na kuziziba kwa lami ya maji wakati ni kavu. Jua la mlimani ni kali kuliko la pwani, linaikausha lami, inageuka kijivu na kuwa ngumu, kisha inapasuka. Shimo likitokea, likatwe kwa kingo zilizonyooka, lisafishwe, likaushwe, lipakwe lami, lijazwe na kushindiliwa. Kulifukia kwa udongo ni kulificha mpaka mvua inayofuata. Na magari yanayovuja dizeli yasiegeshwe juu ya lami, kwa maana dizeli inaiyeyusha. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi watunza vitabu tunaongeza kwamba ufa una bei ya ndoo moja ya lami, na ukuta una bei ya harambee nyingine.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, katika kila shilingi 100 zitakazochangwa leo, shilingi 90 ziende kwenye ujenzi na shilingi 10 ziingie kwenye Mfuko wa Matengenezo, wenye akaunti yake peke yake. Fedha isitoke humo bila saini tatu: ya mweka hazina wa Chama, ya kamati ya zahanati, na ya uongozi wa kijiji. Hesabu zake zisomwe kila mkutano mkuu na kubandikwa kwenye ubao wa zahanati.

Pili, kama michango haitafikia lengo, tujenge mita 200 za juu, penye mwinuko, zikiwa na mitaro, zege na unene kamili. Mita 100 za chini zibaki za moramu iliyoshindiliwa vizuri hadi mwaka unaofuata. Gari la wagonjwa hukwama juu, halikwami chini. Tunajua si rahisi kumwambia mchangaji kwamba lami haitaonekana kutoka barabarani. Lakini tunajenga kwa ajili ya mgonjwa, na mgonjwa anahitaji kufika.

Tatu, asiye na fedha ana mchango pia. Mawe ya mitaro, mchanga, safari ya Canter, chakula cha mafundi, siku moja ya msaragambo: vyote tutaviandika kwenye daftari na kuvithaminisha, na jina la mchangaji litasomwa kama la aliyetoa milioni.

Fomu za ahadi ziko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Tunaomba uandike kiasi unachoweza kutimiza, na tarehe utakayokitimiza, kwa sababu mkandarasi hashindilii barabara kwa ahadi. Nasi tunaahidi kwamba kila shilingi mtakayotoa mtaonyeshwa ilikopita, na kila tone la maji mtaonyeshwa litakapopita.