Cherehani Ndani ya Kabati

Leo nataka kusema nanyi habari za cherehani, ambayo ni karakana ndogo ndani ya nyumba, na jinsi ya kuiweka sebuleni isiharibike, wala isiharibu uzuri wa sebule.

Tuseme yuko mama mmoja Kasanga, karibu na bandari, mwenye nyumba ya vyumba viwili. Hushona sare za watoto wa shule na magauni, na fedha apatayo ndiyo inunuayo chumvi, mafuta na madaftari. Lakini cherehani yake imesimama katikati ya sebule. Vipande vya nguo vimetapakaa, na mafuta yametia doa sakafuni. Wageni wakija, hawana pa kupitisha miguu. Mumewe aona haya, ataka chombo kihamishiwe jikoni.

Afanyeje mama huyu? Jikoni mna moshi, na masizi yakichanganyika na mafuta ya mashine huganda kama utomvu, hata gurudumu likawa zito. Akiiweka barazani, unyevu wa Ziwa Tanganyika utaitia kutu, na mwizi naye halali. Asipopata mahali pa kuiweka, kazi itakoma, na madaftari hayatanunuliwa.

Zamani wafua chuma wa Ufipa walijenga matanuru yao marefu, yaitwayo malungu, nje ya vijiji. Moto na moshi vilikaa mbali na mahali pa kulala. Lakini cherehani haina moto, na mwenye kuitumia mara nyingi ni mama anayetazama watoto na chungu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo yafaa ikae nyumbani. Neno lililobaki ni kuipatia nyumba yake yenyewe.

Jambo hili liliwasumbua watu wa nchi nyingine pia. Isaac Merritt Singer wa Marekani alipopata hataza ya cherehani yake mwaka 1851, ilikuwa chombo kizito cha karakana, chenye kelele, na sanduku lililoisafirisha ndilo lililokuwa meza yake. Watu walipoanza kuinunua kwa matumizi ya nyumbani, wengi hawakupenda kuona vyuma vitupu karibu na viti vyao vizuri. Basi mwaka 1868 kampuni ya Singer ilianza kutengeneza makabati ya mbao katika mji wa South Bend. Kabati likifungwa, mgeni hudhani ni meza tu. Tena kampuni ilijenga kiwanda kikubwa sana huko Clydebank, Uskoti, kilichofunguliwa mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980, na cherehani zake zilifika nchi nyingi za dunia.

Kabati la namna hiyo seremala wa kijijini aweza kulitengeneza. Nalo hufanywa hivi.

Kwanza, chagueni mbao za mninga zilizokauka vizuri. Mninga hauliwi upesi na mchwa, wala haupindiki ovyo. Mbao mbichi zitapinda, na milango haitafungika.

Pili, pimeni kabla ya kukata. Kitako cha cherehani nyingi kubwa za zamani ni inchi 14 na nusu kwa inchi 7, lakini pimeni ya kwenu wenyewe. Katika ubao wa juu toboeni nafasi inayolingana na kitako hicho. Upande wa nyuma tieni bawaba mbili, ili cherehani iweze kuinamishwa na kushuka chini ya ubao. Pimeni pia urefu wa mashine kutoka kitako mpaka juu, mwache nafasi ya kutosha chini, isigonge kanyagio wala gurudumu kubwa.

Tatu, wekeni kifuniko chenye bawaba upande wa kushoto. Kikifunuliwa, huwa ubao wa kuegemeza nguo ndefu. Kikifungwa, huwa uso wa meza. Mbele tieni milango miwili, na ubavuni mtoto wa meza wa kuwekea sindano, mikasi na nyuzi. Hapo ndipo penye faida kwa mwenye watoto wadogo, maana kidole cha mtoto na sindano havipatani.

Nne, nyuma ya kabati toboeni matundu madogo ili hewa ipite. Kabla ya kuishusha cherehani, ondoeni mkanda katika gurudumu la juu, futeni vumbi, tieni tone la mafuta. Juu ya kabati tandikeni kitambaa cha kudarizi mkipenda. Lakini msiweke chungu cha maji wala chombo cha maua, maana maji yatapenya katika ufa wa kifuniko na kuifikia mashine.

Sasa nina neno moja kwa waume. Kabati ni kwa ajili ya kuitunza cherehani, lisiwe gereza lake. Likiwa zito kufungua, au likirundikiwa vitu juu, mama atachoka, na chombo kitageuka pambo. Mpimeni seremala kwa jambo hili: birika likitiwa motoni, mashine na iwe imeinuliwa na kushona kabla maji hayajachemka. Na mgeni akiuliza kilichomo ndani ya meza ile nzuri, mfunulieni aone, kwa maana hakuna haya katika chombo kinacholisha nyumba. Wahenga walisema, kazi mbi si mchezo mwema. Na kazi hii wala si mbi.