Haki ya Kuandamana Wakati wa Ugonjwa



Wengi mnauliza: ugonjwa ukiingia, je, raia anyamaze? Hapana. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 26, inalinda haki ya kuandamana. Waandalizi wanatakiwa kujulisha serikali kwa barua. Lakini haki hiyo haimo kati ya zile ambazo kifungu cha 61 kinakataza kuguswa hata wakati wa dharura. Ndiyo maana mwaka 2020, kwa sababu ya Korona, mikusanyiko ya watu zaidi ya 20 ilikatazwa.

Tukumbuke Beni. Mwezi wa 12 mwaka 2018, Tume ya Uchaguzi iliahirisha kura huko, ikitaja Ebola na usalama. Watu walikasirika. Tarehe 27 kituo cha Ebola kilishambuliwa, na wagonjwa waliokuwa wakingoja vipimo wakakimbia. Tarehe 30, raia walipanga mistari, wakanawa mikono, wakapiga kura yao wenyewe. Hasira ilikuwa ileile, lakini hapo hawakubomoa kitu, na sauti yao ilisikika.

Machifu, msitumie ugonjwa kufunga watu midomo. Katazo liwe sawa kwa wote, na liwe na mwisho. Nanyi raia, andikeni barua, tumeni wajumbe wachache, na msiguse kituo cha afya: kesho mtoto wako atatibiwa humo.